Karani Anajibu: Mukisa ya 1996

Miezi miwili iliyopita nilidokeza kwenye ukurasa huu kwamba hoja nzuri inaweza kufia kwenye mstari mmoja wa rejea ya kesi, yaani jina la kesi, mwaka, kitabu na ukurasa wake. Bahasha zikajaa. Kwa wasionijua: nilikaa dirishani masijala ya mahakama miaka 11 nikipokea nyaraka, kisha miaka 19 nikawa karani na mchapaji wa ofisi ya mawakili hapa Dar es Salaam. Sikusomea sheria. Nilichojifunza ni kuisaka kesi saa kumi na moja jioni, wakati inatakiwa mezani kesho asubuhi na aliyeiandika kwenye hoja zake amezima simu.

*Shikamoo Mama. Mimi ni wakili wa mwaka wa pili, niko Mwanza. Kwenye hoja za pingamizi la awali niliandika "Mukisa Biscuits v West End [1969] EA 696". Bosi wangu akaizungushia wino mwekundu, akanirudishia bila neno. Kosa liko wapi?*

Marahaba mwanangu. Bosi wako ana macho. Hakuna "Biscuits". Kampuni ile ya Uganda iliitwa Mukisa Biscuit Manufacturing Company Limited, na mawakili kwa mamia wameiongezea hiyo s, labda kwa sababu hakuna mtu anayekula biskuti moja. Tena mwenzake umemkata kiunoni: ni West End Distributors Limited. Kesi inapotajwa kwa mara ya kwanza, jina liandikwe lote. Baada ya hapo sema "kesi ya Mukisa" hata mara ishirini, hakuna atakayekuuliza.

Mimi ningeichapa hivi: Mukisa Biscuit Manufacturing Co. Ltd dhidi ya West End Distributors Ltd [1969] EA 696, uk. 700.

Mwaka ule ni wa kitabu. EA ni ripoti za kesi za Afrika Mashariki, vitabu vinavyoanzia mwaka 1957, ambamo utakuta kesi za nchi zetu pamoja na za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyokuwa juu yao wote. 696 ni ukurasa kesi inapoanzia. Ule ukurasa wa mwisho ndio wengi wanausahau, na ndio jaji anautaka zaidi, kwa kuwa ndipo maneno unayoyaegemea yalipo. Kwenye Mukisa usipoangalia utaumbuka. Jaji Law yuko ukurasa wa 700: pingamizi la awali ni hoja ya sheria iliyomo kwenye nyaraka za madai, au inayochomoza humo waziwazi, ambayo ikijadiliwa mwanzoni inaweza kuimaliza kesi. Rais wa Mahakama, Newbold, yuko ukurasa wa 701: hoja hiyo ijadiliwe kwa kuchukulia kwamba yote aliyodai mwenzako ni kweli, na kama kuna jambo linalohitaji ushahidi, basi si pingamizi tena. Nimechapa mara nyingi hoja zinazompa Law maneno ya Newbold. Nilizichapa kama zilivyo. Siku zile sikuwa na ujasiri wa kumgusa wakili msomi begani.

Sasa nikuambie langu. Ofisi ilipopata kompyuta ya kwanza, nilitengeneza kiolezo cha hoja za pingamizi: kichwa cha mahakama, wadaawa (pande za kesi), aya tatu za mwanzo, na Mukisa ikiwa imeshakaa mahali pake. Ila vidole viligeuza tarakimu mbili, nikaandika [1996]. Kwa karibu miaka mitatu kila pingamizi lililotoka pale lilibeba Mukisa ya 1996. Hakuna aliyesema kitu. Siku moja zikaletwa hoja za ofisi nyingine kabisa, tuliyopambana nayo mwaka uliotangulia, naipekua naiona: [1996] EA 696. Nikamtambua mwanangu kwa alama ya kuzaliwa. Walikuwa wamenakili kutoka kwetu. Wao nao, bila shaka, walinakiliwa.

Ilikomea kwa jaji mmoja mpole aliyemuuliza wakili wetu, bila kupandisha sauti, kama Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifufuka kaburini 1996 kuja kusikiliza shauri la biskuti. Jumuiya ilivunjika 1977, na mahakama yake ikaenda nayo. Wakili aliporudi ofisini hakunigombeza, aliniletea kitabu chenyewe kutoka maktaba, akakiweka juu ya kibodi, akaondoka. Tangu siku hiyo sinakili rejea kutoka kwenye rejea ya mtu. Nafungua hukumu, naandika kutoka ukurasa wake wa kwanza. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

*Mimi ni katibu muhtasi, Morogoro. Lini natumia mabano ya mraba na lini ya duara? Kila wakili hapa ananiambia lake.*

Uliza swali hili: nikiufuta mwaka, kitabu kitapatikana? Kama hakipatikani, mwaka unakaa kwenye mabano ya mraba, maana mwaka ndio jina la kitabu. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu [1983] TLR 32: ondoa 1983 na hutajua ushike TLR (ripoti za kesi za Tanzania) ipi rafuni. Kama vitabu vina namba zake za mfululizo, mwaka unaingia kwenye mabano ya duara kwa sababu unatoa taarifa tu. Rex dhidi ya Gokaldas Kanji Karia (1949) 16 EACA 116: ukishajua ni kitabu cha 16 cha EACA, ripoti za zamani za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, unakwenda moja kwa moja.

Ile HCD inayowatesa wengi ni muhtasari wa kesi za Mahakama Kuu, kuanzia 1967. Humo hutaji ukurasa, unataja namba ya kesi, ndiyo maana kuna "n." katikati: Atilio dhidi ya Mbowe (1969) HCD n. 284, ile ya zuio la muda. Mabano yake nimeyaona ya kila aina hata ndani ya hukumu, kwa hiyo hilo usigombane nalo. Chagua moja, lishike mpaka ukurasa wa mwisho. Vivyo hivyo kwa jina la kesi: ama herufi za mlazo, ama nzito, ama kupigia mstari kama tulivyofanya enzi za taipureta. Zote tatu ndani ya hoja moja ni kama mtu kavaa kanzu, tai na gambuti.

*Mama, nasoma sheria Iringa. Nimepewa kazi ya kuandika hoja kuhusu adhabu ya kifo. Nimeona kesi ya Mbushuu imetajwa kwa [1994] TLR 146 na pengine [1995] TLR 97. Ipi imekosewa?*

Hakuna iliyokosewa, na hapo ndipo penye shimo.

Ya kwanza, Jamhuri dhidi ya Mbushuu [1994] TLR 146, ni ya Mahakama Kuu. Jaji Mwalusanya alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba. Ya pili, Mbushuu @ Dominic Mnyaroje na mwenzake dhidi ya Jamhuri [1995] TLR 97, ndiyo Rufaa ya Jinai Na. 142 ya 1994 kwenye Mahakama ya Rufani. Majaji wale walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, ila wakasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inaiokoa. Kwa hiyo mtu akikuandikia "kama ilivyoamuliwa kwenye Mbushuu" pasipo kitabu wala mahakama, anaweza kuwa anakuambia ndiyo au hapana, na huna njia ya kujua ni lipi.

Mwanafunzi mmoja aliyekuja kujifunza kazi ofisini kwetu alitegemea ile ya 1994 kurasa nne nzima. Alikuwa ameandika vizuri kuliko mawakili wetu wawili. Nilipomwonyesha ya 1995 alikaa kimya, halafu akauliza kama anaweza kuacha tu kuitaja. Mwanangu, huwezi. Ukitaja hukumu iliyotenguliwa, mwambie msomaji palepale, kwenye mstari uleule, kwamba ilitenguliwa na nani na iko wapi. Hata ikitenguliwa bado inaweza kukufaa kwa hoja zake, lakini haiwezi kusimama peke yake kana kwamba mkubwa wake hajasema kitu.

Na hiyo alama ya @ usiifute. Ni ya kwetu kabisa, maana yake mtu huyo anajulikana pia kwa jina la pili. Kompyuta hudhani unaandika anwani ya barua pepe na kuipaka rangi ya buluu. Ondoa rangi, acha alama. Ukitafuta jina la kwanza ukakosa, mara nyingi la pili ndilo litakalokupa.

*Asalaam aleikum Bi. Niko Mombasa, ni karani kwa wakili. Tumezoea eKLR, rejea ya kesi za Kenya za mtandaoni. Siku hizi naona KESC, KEHC na nini. Je, tuwache eKLR?*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Msiitupe kwa zile za zamani ambazo hujaona namba yake mpya, lakini kama namba mpya ipo, itumie. Ubaya wa eKLR ni huu: Francis Karioko Muruatetu & another v Republic [2017] eKLR inakupa mwaka na basi. Wadaawa walewale wakiwa na uamuzi mara mbili mwaka mmoja, rejea ni moja kwa zote mbili. Mtindo mpya umeliziba hilo: [2022] KESC 8 (KLR) ndiyo hukumu ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba ya Kenya, ya tarehe 31 Machi 2022, na hakuna nyingine yenye namba hiyo. KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ya Rufani, KEHC Kuu. Angalia pia majina: siku hizi Kenya Law huweka la ukoo tu, kwa hiyo David Ndii wa kesi hiyo ya BBI mliyemzoea amebaki Ndii.

Na kwa kuwa nimemtaja Muruatetu: anayeitumia ile ya 2017, ya adhabu ya kifo ya lazima, aweke karibu yake maelekezo ya mahakama hiyohiyo ya tarehe 6 Julai 2021, yaliyosema hukumu ile ilihusu kosa la mauaji peke yake. Nyinyi nanyi mna Mbushuu wenu.

*Mimi ni mzee wa miaka 71, Muheza. Nina shauri la shamba, najitetea mwenyewe. Nililazwa hospitali nikachelewa kukata rufaa, naomba kuongezewa muda. Jirani kaniambia nitaje "kesi ya Lyamuya". Nikiikosea, shauri langu litatupwa?*

Shikamoo mzee wangu. Halitatupwa kwa sababu hiyo. Ukikosea namba ya kesi, baya litakalokupata ni jaji kushindwa kuiona, au mwenzako kukucheka kidogo. Hofu yako naijua ilikotoka. Kuna kosa jingine lililokuwa likiua maombi kweli, nalo ni kutaja kifungu kisicho sahihi cha sheria kinachoipa mahakama mamlaka. Kwenye China Henan International Co-operation Group dhidi ya Salvand K.A. Rwegasira [2006] TLR 220, Mahakama ya Rufani ilisema kosa la namna hiyo linagusa mzizi wa shauri. Nikiwa dirishani niliona watu wakirudi na nyaraka zao mikononi, nauli ya kwenda na kurudi imeshaliwa, kisa kifungu. Mwaka 2017 Kanuni ya 48 ya Mahakama ya Rufani ikalegezwa: kama mamlaka yapo, kifungu kilichokosewa kinaweza kurekebishwa palepale. Mwaka 2018 sheria ikaongeza kwamba mahakama iangalie haki kuliko ufundi. Lakini mzee wangu, usilalie huko. Mondorosi Village Council na wenzake dhidi ya Tanzania Breweries Ltd, Rufaa ya Madai Na. 66 ya 2017, inakumbusha kwamba kanuni hiyo haikuja kufuta taratibu za lazima.

Jirani yako kakushauri vizuri. Iandike hivi: Lyamuya Construction Company Ltd dhidi ya Board of Registered Trustees of Young Women's Christian Association of Tanzania, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Arusha (haijaripotiwa). Jina refu kama treni, lakini usilipunguze. "Haijaripotiwa" maana yake haikuchapwa kwenye vitabu vya TLR, si kwamba haina nguvu. Siku hizi iko TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, unaweza kuongeza namba yake ya huko: [2011] TZCA 4. Mwambie mjukuu akufungulie kwenye simu, muisome pamoja. Yanayotakiwa humo ni manne: ueleze kila siku uliyochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, uonekane hukuzembea, na kama kuna sababu nyingine nzito, mfano kasoro ya kisheria ndani ya uamuzi unaoupinga, uiseme. Zile siku ulizolazwa tafuta karatasi za hospitali. Karatasi hizo zitakusaidia kuliko mimi.

Jambo moja kwa wote wanaotaja kesi za Mahakama Kuu zisizoripotiwa: andikeni na masijala. Rufaa ya Madai Na. 5 ya mwaka fulani inaweza kuwepo Mwanza, Mbeya na Arusha kwa wakati mmoja. Na kama namba ina mkwaju na tarakimu nyuma yake, mkwaju huo ni sehemu ya namba.

*Niliiuliza programu ya akili mnemba initafutie kesi za zuio la muda. Imenipa sita, zimepangwa vizuri mno, mabano, kurasa, kila kitu. Nizitumie?*

Umezifungua? Hujasema umezifungua.

Mwaka 2023 mjini New York, kwenye shauri la Mata v. Avianca, mawakili waliwasilisha hoja zenye kesi walizopewa na programu ya namna hiyo. Mojawapo iliitwa Varghese v. China Southern Airlines, yenye rejea 925 F.3d 1339. Itazame ilivyonyooka: namba ya kitabu, jina la ripoti, ukurasa. Mchapaji yeyote angeipitisha, hata mimi. Kesi yenyewe haikuwahi kuwepo duniani. Mahakama iliwatoza faini ya dola 5,000 tarehe 22 Juni mwaka huo. Kosa langu la Mukisa lilikuwa na kesi ya kweli yenye namba mbovu. Hizi ni namba nzuri zisizo na kesi, na zinanitisha zaidi kwa sababu jicho la karani limefunzwa kutafuta kilichopinda. Katika hizo sita, utakayoifungua ukaisoma mpaka amri ya mwisho, itumie. Zisizofunguka, zifute.

*Sisi wachapaji wawili tunabishana, Dodoma. Tangu Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mwenzangu anatafsiri majina yote ya kesi. "Attorney General" anaandika "Mwanasheria Mkuu wa Serikali", na ile v anaandika "dhidi ya". Mimi naacha vyote. Nani sahihi?*

Kila mmoja nusu. Sheria ya 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, maana nimeona watu wakihukumiwa kwa lugha ambayo walikuwa wakiniuliza mimi dirishani imesema nini. Kwa hiyo v iwe "dhidi ya", "unreported" iwe "haijaripotiwa", "supra" iwe "iliyotajwa hapo juu", ukurasa uwe uk. na aya iwe aya. Hayo ni maneno yako wewe mwandishi, yaandike kwa lugha yako. "Republic" naigeuza "Jamhuri" kwa sababu mahakama zenyewe zinaigeuza na hakuna anayepotea.

Majina mengine ya wadaawa si yako. Hukumu imesajiliwa kama Julius Ishengoma Francis Ndyanabo v. Attorney General [2004] TLR 14. Mtu akiketi TanzLII akaandika "Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali", mashine itamtazama tu. Vivyo hivyo Director of Public Prosecutions kwenye kesi ya Daudi Pete [1993] TLR 22: ndani ya hoja zako muite Mkurugenzi wa Mashtaka, lakini kwenye jina la kesi mwache alivyo. Hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, nayo iachwe kwa Kiswahili chake, hata kama hoja zako ni za Kiingereza. Nimeona mtu akiitafsiri hiyo pia.

Mwambie mwenzako nimempa "dhidi ya". Wewe umepata majina. Soda alipe atakayeanza kubisha tena.